Ziwa la Waridi Ng'ambo ya Bahari Yetu

Bahari ile ile inayotuletea changu na dagaa huenda, mbali sana kusini mashariki, ikapiga mwambao wa Australia ya Magharibi. Huko, zaidi ya kilomita 500 kaskazini ya mji wa Perth, karibu na kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Port Gregory, barabara inapita kando ya ziwa ambalo msafiri asiyeonywa hudhani macho yake yamepatwa na maradhi. Maji yake ni ya waridi. Mawingu yakitanda hugeuka zambarau, na majira mengine huwa mekundu kabisa.

Ziwa hilo linaitwa Hutt Lagoon. Jina la Hutt lililetwa mwaka 1839 na mpelelezi George Grey, kwa heshima ya mbunge mmoja wa Uingereza, kana kwamba wenyeji wa nchi ile, Wanhanda, hawakuwa na majina ya kuyaita maji yao. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa zaidi juu ya tabia hiyo.

Urefu wa ziwa ni kilomita 14 hivi, na upana kilomita mbili. Matuta ya mchanga tu ndiyo yanayolitenga na bahari, na kwa kuwa sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, maji hupenya mchangani na kuingia. Wakati wa kiangazi jua huyanywa maji hayo na kuiacha chumvi.

Rangi ile hutokana na viumbe hai: bakteria wapendao chumvi, na mwani. Lakini ndugu msomaji usiufikirie mwani wa Paje na Jambiani, ambao tangu mwaka 1989 akina mama wa Unguja wamekuwa wakiufunga kambani kwa ajili ya kuuza. Huu ni mmea wa chembe moja, usioonekana ila kwa hadubini. Wataalamu huuita Dunaliella salina, kwa kumkumbuka Mfaransa Michel Félix Dunal, aliyeuona mwaka 1838 katika mashamba ya chumvi ya kusini mwa Ufaransa.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Katika maji yenye chumvi mara nane ya hiyo samaki wa kawaida hufa, kwani chumvi ya nje huvuta maji yaliyomo mwilini, kama inavyotokea kwa ng'onda. Mmea huu hauna hata ukuta mgumu wa kuuhifadhi. Chumvi ikizidi, kwanza hunywea. Kisha hujitengenezea ndani yake gliserini, ile ile itiwayo katika mafuta ya kupaka ngozi, mpaka nguvu ya ndani ilingane na ya nje. Chumvi ikipungua, gliserini nayo hupunguzwa.

Ulinzi huo una gharama. Gliserini hutengenezwa kwa sukari ambayo mmea ungeitumia kukua na kugawanyika; mali ya kujengea nyumba inatumika kulinda mlango. Kwa hiyo mwani huu husitawi vizuri penye gramu 200 hivi za chumvi kwa lita, na zikipita 270 hukua kwa shida. Lakini ni katika dhiki hiyo, hasa jua likiwa kali na mbolea ikiwa haba, ndipo hujaza ndani yake rangi ya machungwa iitwayo beta-karotini, kama mwavuli wa kuukinga na jua. Rangi hiyo huweza kufikia sehemu moja katika kumi ya uzito wake mkavu, au hata zaidi.

Hapo ndipo penye mtihani wa mkulima. Kando ya ziwa yamechimbwa mabwawa ya kina kifupi yenye jumla ya hekta 250, ambayo kampuni ya Kijerumani ya BASF iliyapata ilipoinunua kampuni ya Cognis mwaka 2010. Mkulima akiacha chumvi ipungue, mwani huongezeka upesi, lakini huwa wa kijani na wenye rangi haba. Tena huingia vijidudu vinavyoula, ambavyo chumvi kali huvizuia mlangoni. Mvua kubwa ya msimu wa baridi ni adui wa kuogopwa. Akizidisha chumvi, anapata rangi nyingi katika mavuno machache. Na hata bwawa likiwa jekundu, lita moja ya maji hutoa chini ya gramu moja ya mwani.

Taabu yote hiyo ni kwa sababu mwili wa binadamu hugeuza beta-karotini kuwa vitamini A, ambayo upungufu wake huwafanya watoto wasione vizuri usiku. Kwa maoni yangu, jamaa mwenye mchicha, papai na mawese jikoni hana haja ya kununua vidonge vya ziwa hili.

Dunaliella haiishi Australia peke yake, bali hupatikana katika mashamba ya chumvi sehemu nyingi za dunia. Watengeneza chumvi wengi huyafurahia maji yanapogeuka mekundu, kwani wekundu hushika joto la jua na maji hukauka haraka. Kisha huikomba chumvi nyeupe na kuuacha mwani.

Mwenye kutaka kujua kama rangi ya namna hii imefika mezani kwake asome maandishi madogo kwenye kopo la majarini. Karotini huandikwa E160a. Namba hiyo hutumika pia kwa rangi iliyotengenezwa viwandani. Ile ya mwani ndiyo inayoongezewa alama (iv).