GARI RAHISI, MKWARUZO GHALI

Msomaji wangu, vijana wa mjini siku hizi tunatembea bwana. Huyu yuko Dubai, yule yuko Johannesburg, na kila anayerudi ana picha na gari. Kaegemea mlango, miwani ya jua usoni, utadhani gari la baba yake. La kukodi hilo! Hakuna ubaya, starehe ni starehe. Ila ile karatasi aliyotia saini kabla ya kupewa ufunguo ndiyo yenye mambo, na hiyo hakuna anayepiga nayo picha.

Mimi nilionja mambo hayo Muscat, Oman. Tulikwenda watatu: mimi, jamaa yangu wa Ilala na dada mmoja wa Magomeni, tukafikia kwa shangazi yangu. Sasa Muscat si mji wa kutembea kwa miguu. Umejinyoosha kando ya pwani, bahari upande huu, milima mikavu upande ule, na kutoka uwanja wa ndege mpaka soko la Mutrah ni safari kamili. Jua lake nalo halina masihara. Tulipopiga hesabu ya teksi kwa siku nne, tukaona heri tukodi gari dogo.

MZEE WA KIUNGUJA

Ofisini nilitoa salamu ya Kiarabu niliyoikariri kwenye ndege. Mzee aliyekuwa mezani akanitazama, akacheka. "Wewe watoka bara," akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kama rula. Usishangae. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka Zanzibar, na Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kwao. Waliorudi walikwenda na Kiswahili chao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Keti. Karatasi hii isome mstari kwa mstari, usije kesho ukasema hukuambiwa."

Gari lilikuwa rial 10 kwa siku. Rial moja ya Oman ni kama dola 2 na senti 60 za Marekani, kwa hiyo siku nne ni rial 40, yaani dola 104. Tukigawana watatu, mbona rahisi! Jamaa wa Ilala akaanza kuimba kabla hata ufunguo haujatoka.

Mzee akageuza ukurasa wa pili.

Bima ipo, akasema, imo ndani ya bei. Lakini gari likiumia, rial 200 za mwanzo za hasara ni za kwako wewe mkodishwaji. Bima inaanza kazi baada ya hapo. Sehemu hiyo wenyewe wanaiita ekses, na ndiyo inayowaliza watu. Unasikia "gari lina bima", unajiona uko salama, kumbe una bima ya hasara kubwa tu. Rial 200 ni dola 520! Ukivunja taa na kubonyeza boneti, bili yote inaweza kukaa humo humo, na kampuni ya bima isijue hata jina lako.

Kuna njia ya kupunguza. Kwa rial 3 zaidi kila siku, ile 200 inashuka mpaka 50. Siku nne ni rial 12. Jamaa wa Ilala akaguna: "Kaka, hizo si tule samaki? Wewe si dereva mzuri?"

Hapo nikamweleza, na wewe msomaji nakueleza. Udereva wako mzuri hauwazuii wengine kukugonga. Halafu Oman wanaendesha kulia, usukani uko kushoto, kinyume cha kwetu. Juu ya yote, mzee alitaka dhamana ya rial 100 taslimu, kwa sababu sina kadi ya mkopo. Kampuni nyingi za kukodisha magari duniani zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, wanazuia pesa humo mpaka urudishe gari. Rial 100 ni dola 260. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kodi ya chumba changu Sinza, na mwenye nyumba wangu hajui habari za Muscat. Nikalipa zile 12.

MAMBO YASIYOLIPWA

Lipa utakavyolipa, yapo ambayo bima hiyo haiyagusi. Mzee alinionyesha kwa ncha ya kalamu.

La kwanza, dereva ni yule aliyeandikwa tu. Jamaa wa Ilala alitaka ashike usukani barabara ya Nizwa apige picha. Nikakataa, akanuna mpaka Nizwa. Lakini angegonga hata jiwe, rial 12 zetu zingekuwa maji ya kunawa. Umri nao unaangaliwa. Kampuni nyingi hazikodishi kwa aliye chini ya miaka 21, na wa chini ya 25 mara nyingi hutozwa zaidi.

La pili, matairi, vioo na chini ya gari. Mikataba mingi inaviweka nje, uvilipie mwenyewe.

La tatu, nje ya lami ni shauri yako. Oman kuna mabonde yanaitwa wadi, mazuri ajabu, maji ya kijani katikati ya mawe makavu. Mvua ikinyesha milimani, bonde kavu linageuka mto kwa dakika chache na linazoa magari. Kulivuka kusudi likiwa limejaa ni kosa kwa sheria za barabarani za huko. Na Jebel Akhdar, ule mlima wa mawaridi na makomamanga, polisi wanasimama pale Birkat al-Mouz na hawapitishi gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Tuliishia chini, tukautazama kwa macho.

La nne, kuvuka mpaka. Ukitaka kwenda Dubai na gari hilo, unahitaji barua ya kampuni na bima nyingine.

La tano, faini. Barabara kuu mwendo wa juu ni kilomita 120 kwa saa na kamera zimejaa. Faini inakuja kwa kampuni, kampuni inaikata kwako.

Kabla hatujaondoka nililizunguka gari na simu, nikapiga picha kila upande. Dada wa Magomeni akasema najitia ofisa wa bandari. Tukakubaliana pia jambo moja mbele ya mzee: likitokea lolote, tunagawana watatu.

KILICHOTOKEA MUTRAH

Siku tatu zilikwenda kama asali. Nizwa tuliona ngome ya karne ya 17 iliyojengwa na Imam Sultan bin Saif, mnara wake wa duara mnene kama tangi la mafuta Kigamboni. Tukala halua kwa kahawa mpaka meno yakauma.

Siku ya nne tuliegesha kando ya bahari Mutrah tukaingia sokoni kununua ubani. Tunatoka, bampa ya nyuma imepasuka na taa moja imevunjika. Aliyegonga hayupo, hakuna karatasi, hakuna shahidi.

"Tuondoke," akasema jamaa wa Ilala. "Tuegeshe kinyumenyume pale ofisini, nani ataona?"

Nilimwambia tutakaa pale pale. Mzee alishasema: Oman gari la kukodi likiguswa, hata mkwaruzo, bila karatasi ya polisi bima haipo. Nikampigia shangazi, akaja, akazungumza na polisi kwa Kiarabu. Saa mbili juani. Dada wa Magomeni alikuwa kimya muda wote, akiwaza hela yake ya vitambaa. Tukaondoka na karatasi.

Kurudisha gari, mzee hakuwepo. Alikuwepo kijana. Akaanza na mlango wa kushoto: "Na mkwaruzo huu?" Nikafungua simu. Mkwaruzo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, tarehe na saa zinasoma. Akauacha.

Bampa na taa vikapigiwa hesabu: rial 90. Kwa ile karatasi ya polisi na zile rial 12 za samaki, nikalipa 50. Nikarudishiwa 50 nyingine za dhamana. Tugawane watatu, kila mtu rial 16 na baisa 667, maana rial yao ina baisa 1,000. Jamaa wa Ilala alitoa ya kwake bila neno. Dada wa Magomeni alitoa ya kwake akasema, "Bila karatasi ingekuwa 30 kila mtu." Hesabu ya soko hiyo, haikosei. Nami kodi ya Sinza nikaiokoa.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda, iwe Muscat, iwe Cape Town, usiulize "gari lina bima?" Kila atakayekukodisha atakujibu ndiyo. Uliza maswali matatu: likiumia, mimi nalipa mpaka kiasi gani? Kitu gani hamlipi kabisa? Na likiguswa, mnataka karatasi gani? Ukiona herufi CDW kwenye mkataba, ujue ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai zaidi ya kiasi fulani, na ahadi hiyo inavunjika ukivunja masharti. Na kile kiasi utakachobaki nacho mgongoni, jiulize kama unaweza kukitoa leo bila kukopa. Kama huwezi, lipia kipunguzwe, au panda basi. Muscat mabasi ya mjini yapo, yana viyoozi, na hakuna atakayekuuliza habari za bampa.

Tukutane wiki ijayo.