Mathe Aliuliza Nani Amekufa

Wasee, mnakumbuka ile video yangu ya kwa nini niliacha chuo? Ile ya usiku, taa moja, nimekodolea dirisha macho kama nadaiwa na mwezi. Nyuma ya sauti yangu kulikuwa na ukulele. Hiyo ukulele ndiyo nataka tuongee leo, kwa sababu iliwadanganya, na mpigaji nilikuwa mimi.

Niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Nyuzi 4: G, C, E, A. Siku moja nikaona mtu mtandaoni akifundisha skeli ya Kijapani "ya giza", nikasema hiyo ndiyo yangu. Na manze, ni rahisi. Kama umelelewa kwenye kwaya, andika do re mi fa so la ti, halafu futa re na so. Anzia mi: mi, fa, la, ti, do. Basi. Kwenye ukulele, piga uzi wa E ukiwa wazi, kisha freti ya 1. Hamia uzi wa A: wazi, freti ya 2, freti ya 3. Ndani ya dakika 10 nilikuwa nasikika kama filamu ya samurai.

Lakini mbona inauma hivyo? Kuna nyimbo nyingi za noti 5, hata Amazing Grace ni mojawapo. Hizo hufuta fa na ti, na zinazobaki zinakaa mbalimbali, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Hii ya Kijapani inafanya kinyume. Inabakiza fa na ti, ambazo zimebanana na jirani zao kwa freti moja tu, halafu kutoka fa hadi la unaruka freti 4. Unabanwa, unarushwa, unabanwa tena. Ukiiacha fa ikining'inia hapo bila kuirudisha kwa mi, mtu anayesikiliza anakuonea huruma kabla hujafungua mdomo.

Nami sikuirudisha. Niliiacha ining'inie chini ya kila sentensi. Maoni yakajaa: pole bro, mfumo unamaliza vijana. Mfumo gani? Ukweli ni kwamba sikuingia darasani karibu muhula mzima, nikafeli. Karo ya muhula uliofuata Mathe alikuwa ameshatuma. Simu ninayorekodia ilitoka humo. Hayo sikuyasema kwenye video.

Shangazi akamtumia Mathe ile video WhatsApp. Mathe akanipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kwani nani amekufa?"

Hapo ndipo nikaanza kuisoma hii skeli vizuri, labda kwa aibu. Jina "giza" halikutoka hewani. Mwaka wa 1895, msomi Uehara Rokushirō alizigawa skeli za nyimbo za kawaida za Japani kuwa mbili, yo na in, na in ni upande wa kivuli. Ila kivuli si msiba. Skeli hii huitwa pia miyako-bushi, yaani ya mjini, na ilivuma kwenye mitaa ya starehe, watu wakinywa na shamisen ikipigwa. Kabla ya hapo, katika karne ya 17, Yatsuhashi Kengyō, mwanamuziki kipofu, ndiye anayesifiwa kwa kuiingiza kwenye koto, kinanda cha nyuzi 13. Na Sakura Sakura, wimbo wa maua ya mcheri ambao watoto wa Japani huimba shuleni, uko kwenye noti zizo hizo 5. Kwa hivyo sisi tunaoibandika kwenye kila video ya huzuni tuwe wapole kidogo. Huzuni tunaileta wenyewe na mfuko.

Ile video nimeipakia upya bila muziki. Haina mashiko kabisa. Ni jamaa tu anaongea na dirisha.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani. Mathe huimba alto kanisani tangu sijazaliwa, kwa hivyo nilimwandikia Sakura kwa solfa nyuma ya kalenda ya zamani, nikampigia. Alikuwa anachagua mchele, jicho moja kwenye karatasi. Nilipofika ile sehemu ya mi, mi-do, ti, nikakatia kwa do.

"Na hii ti ya chini, mbona huipigi?"

"Haiko, Mathe. Hii ukulele inaishia do. Hakuna uzi wa chini zaidi."

Akanyamaza. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa nje.

"Hebu rudia."

Nikarudia. Nilipofika do, akaiimba ti mwenyewe, chini kabisa, bila kuniangalia. Tukarudia mara nne hivi, mpaka mchele ukaisha. Kuhusu karo bado hatujaongea.