Kofia ya Mjerumani

Haya wasomaji wangu, leo hakuna programu. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya mambo ya hifadhidata, nivumilieni, itakuja. Leo nataka kuwasimulia juu ya gari. Msicheke: gari lenyewe linaenea kwenye kiganja cha mkono.

Dada yangu anaishi Marekani. Alipokuja nyumbani kwa Krismasi alifungua sanduku lake hapa Wusi, akatoa vitenge vya mama, dawa ya maumivu ya magoti, na mwishowe boksi kuukuu lililofungwa kwa mpira.

"Hili lako," akaniambia. "Nimelikuta kwa mtu anauza vitu vyake vya zamani uani. Nikakumbuka magari yako ya waya."

Ndani yake kulikuwa na modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, ya kampuni ya Monogram, iitwayo Red Baron. Kama hujawahi kuiona, nitajaribu kukueleza. Ni gari la maonyesho, yaani lile ambalo halikutengenezwa kubeba mtu kwenda popote bali kutazamwa. Matairi ya nyuma manene, injini iko nje kabisa bila boneti, bunduki mbili za rashasha mbele ya dereva, na paa lake ni kofia kubwa ya askari wa Ujerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inang'aa kama sufuria mpya, na juu ina mwiba.

Mchoraji wake anaitwa Tom Daniel, na modeli ilitoka mwaka 1968. Jina ni la rubani wa Kijerumani, Manfred von Richthofen, aliyepaka ndege yake rangi nyekundu na kuuawa Aprili 1918. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni hiki: kwa kawaida gari hutangulia, halafu watu wa modeli wanaliiga kwa udogo. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Plastiki ilitangulia, watu wakaipenda, ndipo fundi Chuck Miller akajenga gari lenyewe la chuma kwa ukubwa kamili ili lizungushwe kwenye maonyesho. Gari kubwa ndilo lililoiga gari dogo! Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Binamu yangu wa Mombasa alipoona picha alinipigia simu papo hapo. "Usiguse! Vitu vya zamani hivyo ni pesa." Nikaketi na tarakilishi yangu nikachunguza. Kumbe modeli hii imetolewa upya mara kadhaa na Revell, na boksi langu lilikuwa limeshafunguliwa, karatasi ya vibandiko imegeuka rangi ya chai. Hakukuwa na utajiri hapo. Nilifurahi, nawaambia ukweli, kwa sababu nilitaka kulichezea.

Miaka karibu 20 sasa nimekuwa naandika programu za watu. Kila ninachotengeneza kina tarehe ya kukabidhiwa na mtu anayengoja. Nilitaka kutengeneza kitu ambacho hakuna mtu anakingoja.

Basi nikaanza, na nikaanza vibaya. Gundi maalumu ya modeli huku haipatikani, nikatumia ile gundi kali ya kubandika viatu na vidole pamoja. Rangi ya kupuliza nilinunua Mwatate, dukani pa vifaa vya ujenzi. Ilipochuruzika kwenye ubavu wa gari, nikaamua kuifuta kwa tina, ile ya mafundi wa rangi za magari. Jamani, msijaribu. Tina hula plastiki ya namna hii. Ubavu ulilainika kama siagi, na alama ya kidole changu imebaki pale hadi leo. Kwa wenzangu wa kompyuta: niliendesha amri nisiyoijua kwenye mashine hai, bila nakala rudufu.

Jambo moja lilinifaulu. Ukitaka kuondoa ule mng'ao wa fedha kwenye plastiki, tumbukiza kipande ndani ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ukiache. Mng'ao wote unatoka na plastiki inabaki salama. Fungua dirisha tu, na usichanganye na dawa nyingine yoyote.

Siku ya tatu nilikuwa nimelisimamisha gari kwenye meza ya kulia, kofia yake juu, nasubiri gundi ikauke. Mama akaingia na bakuli la kimanga. Akasimama.

"Hiyo ni nini juu?"

"Kofia, mama. Ya Mjerumani. Ni mapambo tu."

Aliliweka bakuli kwenye kiti, si mezani. "Hiyo haiketi kwenye meza yangu."

Nikacheka. Hilo ndilo kosa nililolifanya, na si lile la tina. Nikaanza kumweleza kwamba hiki ni kitu cha kuchezea, mchoraji Mmarekani alikuwa anafanya mzaha, miaka zaidi ya 100 imepita. Mama hakunijibu. Alichukua bakuli lake akaenda kula jikoni.

Msomaji ambaye si wa kwetu, ngoja nikueleze. Vita vile, ambavyo vitabuni huwa ni vya Ulaya, vilipiganwa hapa. Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau, kwenda kukabiliana nao. Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishindwa kwenye kilima cha Salaita. Ukienda Voi leo utakuta makaburi ya askari yaliyopangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa vizuri. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile, Waafrika waliokufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, wengi wao hawana hata jiwe.

Na kuna Kasigau. Ukungu ukiondoka, ukisimama pazuri kwenye vilima vyetu, unauona mlima ule umekaa peke yake kusini-mashariki. Mwaka 1915 Wajerumani waliufikia. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba waliwasaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu, wakawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi kuishi kwao hadi miaka ya 1930.

Nyanya yangu mzaa mama alitoka kwa watu hao. Nilijua hivyo. Nilijua kama ninavyojua kwamba Voi ni joto na Wusi ni baridi. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Usiku ule sikulala vizuri. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba mteja anayepiga kelele si tatizo. Anakuambia kitufe hiki kibaya, rangi ile siipendi, mnamaliza. Mteja wa kuogopwa ni yule anayenyamaza, kwa sababu umemweleza sana hadi ameona hakuna haja ya kusema. Nimewahi kupoteza kazi nzuri kwa njia hiyo. Na sasa nilikuwa nimemfanyia mama yangu vivyo hivyo, tena nyumbani kwake.

Lakini nilikuwa na swali jingine, la kifundi. Je, nikiitoa kofia, gari hili litakuwa bado Red Baron? Kuna watu wanaoheshimu sana vitu vya zamani, na mimi ni mmoja wao. Sipendi mtu abadilishe kitu cha mwenzake ovyo. Ndipo nikakumbuka: hili halina asili. Hakukuwa na gari barabarani ambalo nilipaswa kulifuata kwa uaminifu. Lilianza kama mchezo kwenye karatasi ya mtu mmoja. Yeye alichora alichokiona kutoka kwake. Nami naruhusiwa kulichora nikiwa Wusi.

Na sisi, kwani tulianza jana? Tulipokuwa wadogo, gari la waya lilikuwa na usukani mrefu wa fito na matairi ya ndara zilizokatwa, na hakuna mtoto aliyetengeneza gari sawa na la mwenzake. Matatu je? Mwaka 2004 sheria za Michuki zilipoleta mstari wa manjano, michoro ikafutwa, na watu walihuzunika kana kwamba wamefiwa. Miaka kumi baadaye ikaruhusiwa, na michoro ikarudi kwa kishindo. Magari ya maonyesho tunayo, tofauti ni kwamba ya kwetu yanabeba abiria.

Asubuhi nikachukua msumeno mdogo. Bunduki nilizikata mitutu, nikazifanya bomba za moshi, moja kila upande. Vibandiko vya misalaba nilivirudisha kwenye boksi. Kioo cha mbele nilikikata kutoka kwenye kasha la CD la zamani, plastiki yake inakubali gundi vizuri. Badala ya paa nikasuka keria ya waya, kama zile za magari yanayoshusha mboga na ndizi kutoka milimani kwenda Voi. Ule ubavu wenye alama ya kidole niliupaka rangi ya vumbi jekundu, na sasa unaonekana kama umegongwa njiani. Ubavuni nikaandika kwa kijiti cha meno: WUSI – VOI.

Kofia ilikuwa bado imelala ndani ya kopo la Jik. Ilikuwa imepauka, haina mng'ao tena. Nilikuwa nimeamua kuitupa.

Mama akapita, akachungulia kopo. Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa jana. Hii naitupa."

Akaitazama kwa muda. "Mwiba ule uukate," akasema. "Halafu uigeuze. Ikigeuzwa si ni sufuria?"

Nikaukata mwiba, nikaipaka rangi nyeusi ya masizi, nikaifunga kwa uzi juu ya keria, mdomo ukiangalia juu. Alikuwa amesema kweli. Ilikuwa sufuria ya mtu anayehama au anayerudi kwao.

Mama aliketi nami pale mezani, na bila kuulizwa akaanza kunisimulia yale aliyoyasikia kwa mama yake: nani alibebwa mgongoni, nani aliachwa njiani, na jinsi wazee waliporudi walivyotafuta mahali nyumba zilipokuwa. Mengine ni ya nyumbani, sitayaandika hapa. Nilikuwa sijawahi kuyasikia, na nina umri huu.

Gari liko kwenye kabati la vyombo, karibu na vikombe vya wageni. Mama ndiye aliyeliweka hapo. Wageni wakiuliza, huwaambia ni gari la mwanawe, na wakitaka kujua lile sufuria limetoka wapi, hulitoa nje akaanza kusimulia.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Na wewe, ukiwa na mzee nyumbani, tafuta kisingizio chochote cha kuketi naye mezani. Kwaherini kwa sasa.