Maharamia wa Brixham na Msafara wa Kivui

Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Devon, kuna mji mdogo wa wavuvi uitwao Brixham. Nyumba zimepandana mlimani kuizunguka bandari, shakwe hawamwogopi mtu, na kila mwanzoni mwa Mei, wikendi ile ndefu ya sikukuu, wenyeji hugeuka maharamia. Anayekuuzia chipsi ana kiraka jichoni. Ajuza anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu akiwa na kofia ya pembe tatu na bastola ya mbao kiunoni. Hata mbwa wamefungwa vitambaa vyekundu kichwani, na ukizitazama nyuso zao utajua hawakuulizwa.

Nilikwenda na wenzangu wa kazini, maana huku ukialikwa mara mbili ukakataa, ya tatu hualikwi. Nikafungwa kitambaa, nikapewa upanga wa plastiki, nikawa haramia wa kwanza kutoka Kibwezi, Kenya, kutia guu Brixham, mpaka atokee wa kunipinga.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi watu wa kawaida walivyoibeba historia yao wenyewe. Waliopiga kambi ufukweni ni fundi bomba, mwalimu, mstaafu wa posta, na kila mmoja amejishonea au amejinunulia mavazi yake. Mmoja anajifanya tabibu wa meli. Amepanga misumeno na koleo mezani na anawaeleza watoto jinsi mguu ulivyokatwa bila dawa ya usingizi, nao wanapiga kelele za furaha. Mwingine anaeleza kwamba maharamia wengi walikuwa na mapatano ya maandishi: nahodha anapata mafungu mangapi, baharia fungu lipi, na aliyepoteza mkono vitani analipwa kiasi gani kabla ngawira haijagawanywa. Mzinga unapigwa, masikio yanaziba, mtu anacheka na kukueleza kiasi cha baruti kilichotumika. Bandarini imefungwa nakala ya Golden Hind, merikebu ambayo Francis Drake aliizungukia dunia kati ya 1577 na 1580. Unalipa, unapanda, unainama, unagonga kichwa.

Na hakuna mgeni wa heshima. Nilimtafuta kwa mazoea tu. Hakuna hema la viti vyenye vitambaa vyeupe, hakuna mtu anayesubiriwa mpaka saa nane mchana ndipo shughuli ianze. Nyumbani sherehe yoyote yenye neno "utamaduni" hunipa huzuni ya aina moja: kina mama wa ngoma wamefika alfajiri, wamevaa shanga zao, wamesimama juani, na zamu yao ikifika wanaambiwa wafupishe kwa sababu itifaki bado haijaisha. Mtu aliyeletwa kuonyesha historia hupewa dakika tano; anayekuja kuisifu hupewa saa mbili. Katika hili Waingereza wametushinda, na sioni haya kusema.

Lakini jioni, baada ya kutekwa na mtoto wa miaka sita aliyenidai dhahabu, nilianza kuutazama mchezo kwa jicho jingine. Drake huyu ambaye merikebu yake inapigwa picha alikulia baharini chini ya jamaa yake John Hawkins wa Plymouth, mtu ambaye tangu 1562 alikuwa akichukua Waafrika kutoka Afrika Magharibi na kwenda kuwauza Karibi. Katika safari ya 1567 Drake alikuwamo, na aliongoza chombo kiitwacho Judith. Kwa Wahispania alikuwa haramia. Kwa malkia wake alikuwa Sir Francis. Na hatua chache kutoka hapo, bandarini, imesimama sanamu ya William wa Orange, aliyeshuka Brixham na jeshi lake Novemba 1688 na kwenda kuutwaa ufalme. Huyo hakuna aliyemfunga kiraka cha jicho.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo: wanacheza kwa sababu walikuwa upande wa wanyang'anyi. Nilikaribia kuandika hivyo, kisha nikakumbuka kwamba pwani hiihii iliwahi kulia. Mwaka 1625 maharamia kutoka Afrika Kaskazini walishuka Cornwall, katika ghuba ya Mount's Bay, wakawatoa watu kanisani na kwenda nao utumwani. Wanawake wa vijiji vile waliokuwa wakilitazama kila tanga kwa hofu ndio mabibi wa mabibi wa hawa wanaonunua kofia za maharamia leo. Miaka mia nne imepita, na anayekuja kutoka baharini sasa ni mtalii. Mnyang'anyi hugeuka mchezo akiisha kuondoka kabisa. Hastings, kwenye pwani hiyohiyo ya kusini, watu 14,231 walivaa kiharamia siku moja mwaka 2012 wakaweka rekodi ya dunia, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyelala na hofu usiku ule.

Kwetu Ukambani je? Kitui na Makueni hazina bahari, ingawa maji yetu yanaifikia: mto Athi, unaozitenganisha kaunti hizi mbili, hukutana na Tsavo, ukaitwa Galana, na ukaingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njia ya watu ilikuwa vivyo hivyo. Kabla misafara ya Waswahili na Waarabu haijaanza kupenya bara kwa wingi, Wakamba ndio walioishika njia ya kutoka pande za Mlima Kenya hadi Mombasa. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mtu wa kumfanyia tamasha tunaye: Kivui Mwenda wa Kitui, aliyeongoza misafara ya mamia ya watu kukatiza nyika ya Taru, ambako kiu iliua sawasawa na mishale.

Mwishoni mwa 1849 Kivui alimkaribisha kwake mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya wenye theluji, na wasomi waliokaa kwenye viti vyao Ulaya wakamfanyia mzaha. Agosti 1851 wawili hao walikuwa pamoja njiani kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia. Kivui akauawa. Krapf akakimbilia porini peke yake, akaufikia mto, na kwa kukosa chombo akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Alipowafikia watu wa Kivui alikuta kesi yake imekwisha kuamuliwa: mwenyeji amekufaje na mgeni yu hai? Ikabidi atoroke tena usiku, mpaka akarudi pwani.

Niambie kama hiyo si hadithi ya kuvutia watu kutoka Mwingi hadi Wote. Ina fedha, urafiki wenye mashaka, shambulio, kiu, na bunduki inayotumika kama kibuyu. Watoto wa Brixham wangekata tikiti mwaka mzima kabla. Mimi nilisoma darasa la nne mpaka la nane Makueni, na Kivui alipita kwa sentensi moja: alimwonyesha Mzungu mlima. Alikuwa tajiri kuliko Mzungu huyo, na ndiye aliyekuwa akimlinda.

Tena hakuwa malaika. Krapf aliandika kwamba nyumbani kwake kulikuwa na watumwa, na njia ileile iliyopitisha pembe ilipitisha watu pia. Tamasha la Kivui lisilosema hilo lingekuwa kiraka cha jicho kingine tu, chenye rangi za kwetu.

Susu yangu, mama yake mama, alikuwa wa pande za Mutomo na alicheza kilumi. Wasiokijua: ni ngoma ya wazee, hasa wanawake, yenye ngoma ndefu nzito, inayopigwa kuomba mvua na kumtuliza mtu aliyepandwa na roho. Roho hizo si za mababu peke yao. Msomi Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliandika kuhusu watu waliopandwa na roho za wageni, za majirani waliowahi kupigana nao na hata za Wazungu, na kila roho ikidai kitu chake: nguo fulani, kofia, lugha yake. Hapo nikasimama. Kumbe sisi pia tuliwahi kuvaa nguo za mvamizi! Ila kwetu haikuwa wikendi ya chipsi. Mvamizi alipanda kichwani, akaulizwa anataka nini, akapewa, akabembelezwa aondoke, na ngoma haikunyamaza mpaka mgonjwa apate nafuu. Watoto tulifukuzwa tukalale.

Sisemi njia moja ni bora. Ya kwao inacheka na kusahau, ya kwetu inakumbuka lakini haimfundishi kijana chochote asipokuwa ameingizwa, na walioingizwa wanazidi kuondoka. Makanisa mengi hayakitaki kilumi hata kukisikia, na kijana wa leo anakijua kwa video ya nusu dakika.

Halafu kuna wanyang'anyi ambao bado hawajaondoka. Mwenzangu mmoja Brixham, aliposikia natoka Kenya, aliniuliza kwa bashasha kama nimewahi kumwona haramia wa kweli. Sijawahi, lakini naijua bei yake. Septemba 2008 Wasomali waliiteka meli Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33, na haikuachiliwa mpaka Februari 2009, fidia ilipokwisha kulipwa. Mwaka 2010 kikafunguliwa chumba cha mahakama chenye ulinzi mkali Shimo la Tewa, kwa ajili ya kesi za namna hiyo. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa. Kutoka Makueni hiyo ilionekana kama habari ya mbali mpaka ulipouliza ni nani wanaochonga twiga wa mbao Changamwe, wanaopika na kulinda hoteli za Diani. Ni sisi. Binamu yangu mchongaji alirudi nyumbani mwaka ule na mifuko miwili ya vinyago visivyo na mnunuzi. Humwoni akinunua kofia ya pembe tatu.

Na hata bila bahari tunao wetu. Huja usiku na malori, hushuka mtoni, huchota mchanga mpaka mwamba ubaki wazi, na mchanga ukiondoka maji ya kiangazi yaliyokuwa yamejificha chini yake huondoka nao. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya mapigano na vifo. Labda mwaka 2400 watoto wa Kibwezi watavaa kama wezi wa mchanga, na makoleo ya plastiki mabegani. Kwa sasa jaribu kufanya mzaha huo mbele ya mama anayechimba kisima mtoni Februari.

Kivui, hata hivyo, ni wa mbali kiasi cha kutosha. Nilipeleka wazo kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp: tutembee Agosti moja, siku mbili tatu kutoka Kitui kuelekea Tana, na mizigo, na ngoma, na mtu wa kusimulia kila kituo, watumwa wakiwamo katika simulizi. Watu walichangamka ajabu. Wanaume saba walitaka kuwa Kivui. Mpwa wangu anataka kuwa Krapf kwa sababu ya darubini. Wa kubeba pembe hajapatikana hata mmoja, na shangazi wa Mutomo ameuliza mara mbili sasa, bila kujibiwa, chakula cha njiani kitanunuliwa na nani na kama Krapf atakuja na pesa za Uingereza au za M-Pesa.