Katuba: rakori iliyobana njia ya esanse

Katuba, Lubumbashi. Mjini pikipiki haikuwa na shida. Kutoka Katuba hadi soko la Kenya, kutoka Kenya hadi Kamalondo, ilitembea sawasawa. Shida ilikuwa barabara ya Kipushi. Abiria nyuma, gazi imefunguliwa yote, baada ya kilomita chache inakohoa mara mbili, inakufa. Motari anashuka, anangoja dakika tano, anapiga kiki, inawaka tena kama haikuwa na ugonjwa wowote.

Kijana huyo anaiendesha pikipiki ya mtu mwingine, TVS, na kila jioni lazima apeleke pesa kwa mwenyewe, siku iwe nzuri au mbaya. Alinunua buji mpya, ikawa vilevile. Alisafisha kabureta, vilevile. Jioni moja ilimfia katikati ya barabara hiyo, giza linaingia, na nyuma amebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Alimrudishia mama pesa yake. Mama akaanza kutembea kwa miguu, mpaka motari mwingine akamchukua. Jambo hilo lilimuuma kuliko pesa.

Kesho yake alienda kwa fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe, hapo hapo Katuba.

“Yaya, inakufa tu. Buji ni mupya.”

Fundi hakugusa buji. Aliuliza kwanza: tangu lini? Tangu majuma mawili. Na majuma mawili nyuma, ulibadirisha nini? Kijana akakumbuka: rakori.

Rakori yenyewe haikuwa wazo la kijinga. Masika yakianza, maji yanaingia ndani ya esanse, hasa ile inayouzwa katika mabidoni pembeni ya barabara kwa wale wanaoitwa makadafi. Kila mara ilibidi kushusha tangi na kuliosha. Kila mara tiyo ya esanse inavutwa kwa pensi kutoka kwenye robine, ncha yake inapasuka, inakatwa kidogo, inarudishwa. Baada ya miezi michache tiyo imekuwa fupi, imejivuta, na inadondosha tone moja moja juu ya injini yenye moto. Ndiyo maana kijana alitafuta rakori ya haraka: vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, kinalia “ka!”, kinashika. Kufungua, unabonyeza tu. Ncha za tiyo haziguswi tena.

Kwenye pikipiki kubwa zenye pampu ya esanse, rakori kama hizo zinatoka nazo kiwandani. BMW R1150 zilikuja na za plastiki, na wenyewe wengi wakazibadilisha kwa za chuma, kwa sababu plastiki ikizeeka inapasuka na esanse inaruka kwa nguvu. Lakini TVS ya kabureta haina pampu. Esanse inashuka yenyewe, kama maji ya ndoo iliyowekwa juu ya meza. Tofauti hiyo ndiyo iliyomtesa kijana.

Fundi alianza na jambo rahisi, akafungua kifuniko cha tangi. Kama tundu la hewa la kifuniko limeziba, ugonjwa unafanana kabisa na huu, na kukifungua kunauponya. Haikupona.

Kisha akamwita mama anayechoma mahindi hatua chache kutoka pale. “Mama, samahani, usogeze mbabula kidogo.” Mama alinung'unika, makala yalikuwa yameshika vizuri. Fundi hakuendelea mpaka mbabula imehamia ng'ambo ya mtaro. Mvuke wa esanse unatembea chini chini, hauonekani, na unawaka hata siku ya baridi. Wako mafundi wanaofanya kazi hii na sigara mdomoni. Bahati haina mkataba nao.

Alichomoa tiyo upande wa kabureta, akaiingiza katika shupa ya nusu lita, akafungua robine, akaangalia saa ya simu. Esanse ilitoka kama uzi. Dakika kumi zilipita, shupa haijafika nusu. Akafunga. Akatoa rakori, akaweka tiyo tupu mahali pake, akarudia. Safari hii shupa ilijaa kabla ya dakika mbili kwisha.

“Umeona? Esanse haifike.”

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Nusu lita kwa dakika ishirini ni lita moja na nusu kwa saa. Kwa kuzungukazunguka mjini, ukisimama kila mara, inatosha, kwa sababu kibakuli cha kabureta kinapata nafasi ya kujaa. Kwenye barabara ndefu, na mzigo, injini inakunywa haraka kuliko uzi ule unavyoleta. Kibakuli kinakauka, injini inakufa. Ukingoja dakika tano kinajaa, nayo inawaka. Buji ilikuwa inasingiziwa bure.

Alipovitazama vile vipande viwili juani, jibu lilionekana. Vilitoka katika rakori mbili tofauti. Kila kimoja kina mlango mdogo wa ndani wenye resori, unaojifunga ukitenganisha, ili esanse isimwagike. Vikikutana, vinapaswa kusukumana na kufunguana. Hivi vililia “ka!” vizuri kabisa, lakini msumari wa kimoja ulikuwa mfupi, mlango wa mwenzake ukafunguka nusu. Kwenye gari yenye pampu ya bar 3 hivi, mtu asingejua haraka. Kwenye tangi la pikipiki, ambapo sentimita 30 za esanse zinasukuma kwa nguvu ndogo zaidi ya mara mia, nusu mlango ni karibu sawa na ukuta.

Kijana alirudi sokoni akaleta rakori nyingine, jozi moja, tundu lake pana kama tiyo. Fundi hakuifunga siku ile. Alichomoa mpira wake wa duara, akauacha ndani ya kopo la esanse usiku mzima. Rakori za maji zinafanana na za esanse kwa macho, lakini mpira wa maji asubuhi unaukuta umevimba kama kitumbua. Huu ulikuwa vilevile.

Kufunga kulichukua muda mfupi. Tiyo mpya, imekatwa kwa wembe, sawa, bila mshazari. Ncha zilichovya maji ya moto kidogo, zikaingia bila kulazimishwa. Koliye nne. Filta iliwekwa juu ya rakori, kwa sababu uchafu wa bidoni ukiingia kwenye ule mlango mdogo, utabaki umefunguka nusu, na kijana atarudi pale pale alipotoka. Rakori yenyewe ilikaa mbali na bomba la moshi. Tone la mafuta ya injini kwenye mpira, “ka!”, akaivuta kwa nguvu kuona kama itaachia. Akafunga kipande cha gazeti kikavu kuzunguka kiungo, robine wazi, akaenda kula. Aliporudi gazeti lilikuwa bado kavu. Shupa ilijaa kwa dakika mbili na kitu.

Alipoulizwa na motari mwingine kama naye aweke, fundi alikataa. Tangi lako unashusha mara ngapi? Mara moja kwa mwaka? Basi nunua tiyo mpya na koliye mbili, bakisha pesa.

Kijana alienda Kipushi na kurudi siku hiyo hiyo, abiria wawili kwenda, magunia mawili kurudi, bila kusimama. Rakori ya kwanza imetundikwa kwenye msumari wa mwembe, na anayekuja kusema buji yake imekufa anapewa kwanza shupa ya nusu lita.