Tukutuku Yetu Imebadilishwa Injini

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumepewa nafasi kwenye karatasi hii. Tunataka kuongea juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona kwa macho: ile tukutuku ya mizigo ya kikundi chetu cha akiba, iliyokuwa inatoa moshi mpaka watoto wakaipa jina la Jiko. Siku hizi haitoi tena moshi ule. Watu wanatuuliza tulifanya nini, na kwa nini pesa za kikundi zilichelewa kugawanywa. Tutajibu yote mawili.

Tukutuku ya mizigo ni pikipiki ya magurudumu matatu. Mashine kama hizi zinakuja kutoka ng'ambo zikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, na mafundi wa huku ndio wanaziunganisha. Yetu inabeba mahindi na mihogo kwenda soko la Koboko. Usiku, mama akishikwa na uchungu, hiyo hiyo inampeleka kituo cha afya. Kwa hiyo hatuwezi kusema tuiache tu ikae.

Lakini injini ilichoka. Kila asubuhi ikipita karibu na madarasa, moshi wa bluu unaingia kwa madirisha. Watoto wa darasa la pili wanakohoa, na mmoja mwenye pumu tulikuwa tunamhamisha mpaka upande mwingine wa chumba. Kufundisha kusoma huku mtoto anatafuta pumzi, hiyo si kazi rahisi.

Tulimwita fundi. Akatufundisha kusoma moshi kama sisi tunavyofundisha watoto kusoma herufi. Moshi mweusi, alisema, maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: angalia karbureta na chujio la hewa. Moshi wa bluu, maana yake oili inaungua: ringi za pistoni zimelika, oili inapita inaingia mahali pa moto. Yetu ilikuwa bluu, na silinda imelika vibaya. Akasema afadhali kubadilisha injini nzima.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, injini ya boda boda iliyotumika, inauzwa bei ya chini upande wa mpaka, haina risiti, haina karatasi yoyote. Ya pili, injini ya tukutuku yenyewe, kutoka duka la spea Arua, ina risiti na namba inayosomeka. Ya pili bei yake ilikuwa karibu mara mbili.

Tulikaa chini ya mwembe mchana mzima. Wengi walitaka ya bei ya chini, na tunawaelewa, kwa sababu pesa ile ni ada ya watoto. Fundi akaeleza jambo ambalo wengi hatukulijua. Injini ya boda boda inapozwa na upepo. Boda inakimbia, upepo unapiga injini, joto linaondoka. Tukutuku inakwenda polepole na mzigo mzito, upepo ni kidogo. Ndiyo maana injini nyingi za tukutuku zimewekewa feni au maji ya kupoza. Ukiweka ya boda itapata joto sana, ringi zitalika haraka, na moshi wa bluu utarudi. Tena haina giya ya kurudi nyuma.

Papa mmoja akasema, "Walimu, mambo ya moshi ni sheria za Wazungu. Sisi ni wakimbizi, nani atatupima?" Tulimjibu kwa heshima. Ni kweli kwamba Uingereza kuna watu wananunua gari kwa vipande, wanaliunganisha nyumbani, na wengine wanalitia injini ya pikipiki. Kabla ya kuingia barabarani gari lile linakaguliwa peke yake, moshi unapimwa, na mwenyewe anatakiwa aonyeshe injini ni ya mwaka gani. Lakini sheria za moshi ziko kwetu pia. Zamani petroli ya Afrika ilikuwa na risasi ndani yake, sumu inayoharibu akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Uganda ilikataza mwaka 2018 kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Rwanda, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali lazima iwe ya umeme. Hao si Wazungu, Papa. Ni majirani wanaolinda mapafu ya watoto wao.

Halafu mama mmoja, ambaye haongei sana mkutanoni, akasimama. Alisema, "Sisi wote tunajua maana ya kufika mahali jina lako halimo kwenye orodha. Injini isiyo na karatasi, siku askari akiisimamisha na mgonjwa yuko ndani, tutasema nini?" Watu wakanyamaza. Na ni hivyo kweli. Namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha chombo, pamoja na namba ya chesisi. Ukibadilisha injini, namba haifanani tena, na polisi anaweza kufikiri ni ya wizi.

Basi tukachagua ya Arua. Wawili wetu walikwenda na fundi. Ile barabara ya lami inayotoka Vurra mpaka Oraba, kilomita 92, inapita Arua na Koboko, kwa hiyo safari haikuwa taabu. Baada ya kufunga injini tulipeleka tukutuku kwa mkaguzi wa magari wa polisi, pamoja na risiti, ili namba mpya ipelekwe kuandikwa kwenye usajili. Hiyo ilichukua siku nyingi na pesa zaidi.

Sasa juu ya akiba. Tunasema wazi: kwa sababu ya gharama hiyo mgao ulichelewa, na familia tatu hazikuweza kulipa ada ya sekondari kwa wakati. Watoto wao walikaa nyumbani wiki kadhaa. Hatuwezi kusema jambo hilo ni dogo. Kikundi kimekubali familia hizo tatu zipewe kwanza, kutoka mapato ya tukutuku ya kila wiki, na sisi walimu tunawafundisha watoto hao jioni mpaka warudi darasani.

Kwa wenye boda na majenereta ya kusaga, tunawaomba: badilisheni oili kabla haijawa nyeusi kama lami, safisheni chujio la hewa kila wiki wakati wa vumbi, na msiwashe injini ndani ya nyumba hata kama mvua inanyesha. Ule moshi una gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Mkinunua injini, ombeni risiti, na muisome namba kwa macho yenu kabla ya kutoa pesa.

Mwenye swali aje shuleni baada ya saa nane.