Bolti Zilezile Mbili

Katika viungo vyote vya gari, hapana chenye kazi fupi kuliko stata. Huizungusha injini kwa sekunde mbili tatu, na injini ikishawaka kwa nguvu zake yenyewe, stata hujitenga ikakaa kimya hadi safari ijayo. Sisi watunzi tunayo yetu: zile beti za mwanzo wa utenzi ambamo mtunzi humtaja Mola wake, kisha akaomba aletewe wino na karatasi. Beti hizo hazisimulii kisa. Kazi yake ni kukiamsha. Lakini stata ikifa, gari zima husimama, hata likiwa na injini ya kusifiwa namna gani.

Gari ninalolizungumzia ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, nalo ni Datsun 240Z. Aina hii ilitoka Japani mwaka 1969: gari la michezo la watu wawili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Kwetu Afrika Mashariki halikuwa gari la kutazamwa katika picha tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews katika gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Shemeji alikuwa mtoto wa kusimama kando ya barabara akimezwa na vumbi la magari hayo. Miaka mingi baadaye kaka yake akalinunua moja, na kaka alipofariki likamjia yeye.

Leo shemeji anakaribia miaka 70. Tangu mwaka juzi gari lilikuwa haliwaki ila kwa kusukumwa. Aliliegesha pua ikiwa imeelekea mtelemko mdogo ulio karibu na nyumba, akaita vijana wa mtaa, akatia gia ya pili, na likishachukua mwendo akaachia klachi. Kisha vijana wakatawanyika, huyu Nairobi, huyu Doha, na daktari akampiga shemeji marufuku kusukuma kitu chochote. Gari likawa la kufunikwa turubai. Dalali mmoja alikuja mara tatu kuliulizia, na mara ya tatu dada yangu alimkaribisha chai. Sote tulielewa maana ya chai ile.

Palikuwa na njia ya kuliokoa, nayo ni kubadilisha stata. Shemeji aliikataa. “Kila kilichomo humu ni chake tangu kiwandani,” aliniambia. “Leo nikitoa stata, kesho nitatoa injini. Keshokutwa nitakuwa na gari la nani?”

Swali lile sikuweza kulipuuza, kwa kuwa wakati uleule lilikuwa mezani kwangu kwa sura nyingine. Nilikuwa na utenzi wa bibi mmoja wa Mji wa Kale, alioutunga kuwausia binti zake na kuuandika kwa hati za Kiarabu. Wajukuu zake waliniomba niutie katika hati za Kilatini na, kwa kauli yao, niufanye usomeke. Hawakujua kwamba ndia ni njia, wala kwamba mato ni macho. Walikuwa na wosia wa nyanya yao mkononi, nao umesimama kama gari chini ya turubai. Nikibadilisha neno leo na jingine kesho, je, utabaki kuwa utenzi wa nani?

Hatimaye shemeji alikubali fundi aje atazame tu. Kwa kuwa maelezo ya kufungia stata mpya yalikuwa ya Kiingereza, mimi niliitwa kuyafasiri. Ndipo nilipojua kuwa gereji ina kamusi yake. Kile kigia kidogo kinachotoka kwenda kukamata meno ya flaiwili, mafundi wetu hukiita bendiksi, na hivyo jina la Vincent Bendix, mvumbuzi wa Marekani, linatajwa kila siku na watu wasiomjua. Nilipofika mahali karatasi iliposema kuwa meno ya kigia sharti yashikane na meno ya flaiwili, nilimuuliza fundi wao husemaje. “Yaumane, Mwalimu,” alinijibu. “Na injini ikiwaka, yaachane.” Nikaandika hivyo.

Fundi hakuanza kwa kufungua. Alipima betri kwanza, akapata volti 12.6, ndiyo afya ya betri iliyojaa. Akasafisha vichwa vya waya, maana chumvi ya bahari yetu huota juu yake kama ukungu, ikazuia umeme kupita. Akakagua waya unaokwenda kwenye bodi. Baada ya yote hayo stata iliendelea kukokota, na volti zikaanguka chini ya 10 kila ilipojaribiwa. Kaboni zilikwishabadilishwa zaidi ya mara moja, bushi zimelegea, na shaba inayosuguliwa na kaboni imechongwa hata haichongeki tena.

Tofauti ya stata mbili hizi aliielewa upesi kila aliyepata kutweka tanga. Katika stata ya zamani, mota huzungusha kigia moja kwa moja: mzunguko mmoja wa mota ni mzunguko mmoja wa kigia. Kwa hiyo mota yenyewe sharti iwe kubwa na inywe umeme mwingi, mithili ya baharia anayevuta henza kwa mikono mitupu. Katika stata mpya, mota ni ndogo ila ina kasi, na baina yake na kigia pana gia za kupunguza mwendo. Mota huzunguka aghalabu mara tatu hadi nne ili kigia kizunguke mara moja, na kinachopungua katika mwendo huongezeka katika nguvu. Ndiyo kazi ya kapi merikebuni: unavuta kamba ndefu zaidi, lakini mzigo unanyanyuka. Betri hudaiwa kidogo, injini huzunguka kwa wepesi.

Kilichomgeuza shemeji, hata hivyo, hakikuwa hesabu hii. Stata yenyewe ilikuwa ya Datsun 280ZX, gari la ukoo huohuo lililotengenezwa kuanzia 1978 hadi 1983. Fundi aliiweka chini kando ya ile ya zamani, akamwonyesha. “Mzee, tazama. Bolti zilezile mbili. Matundu yaleyale. Sitoboi kitu.”

Shemeji alichuchumaa, akapitisha kidole katika matundu yote manne, mawili huku na mawili huku. Kisha akasema, “Ifunge. Lakini hiyo ya zamani nipe mimi.”

Mimi sikusomea ufasiri darasani. Kanuni zangu nimeziokota njiani, na hii niliiokota gereji siku ile. Kwanza, usibadilishe ila kile ambacho kisipobadilishwa chombo hakitaondoka. Pili, kipya kiingie katika matundu ya zamani, usitoboe nyumba ya mwenyewe. Tatu, ulichokitoa ukihifadhi.

Nilirudi mezani nikaupima ule utenzi kwa kanuni hizo. Bolti za ushairi wetu ni mbili vilevile, mizani na vina. Kila kipande cha utenzi kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachopita utenzi mzima. Neno ndia likiwa katikati ya kipande hupokewa na njia bila kelele, kwani yote mawili ni mizani miwili. Lakini moya haligeuki kuwa mmoja, maana moya ni mizani miwili na mmoja ni mitatu, na kipande cha nane kitakuwa cha tisa. Na mato, likiwa limekaa kwenye kina pamoja na moto na kito, hapana macho ya kulitoa pale. Ukilitoa, ubeti mzima huachana meno. Hayo nimeyaacha kama yalivyo, nikaandika maana yake pembeni. Na hata pale nilipoitia njia, ndia ya bibi iko pambizoni, kwa hati yake.

Watakuwapo wapenzi wa asili watakaosema kuwa hata hayo ni mengi. Nawaelewa. Lakini nakumbuka kuwa hiyo stata wanayoiita ya asili nayo iliingia mahali pa kitu. Kabla ya mwaka 1912, Cadillac ilipotoa magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake, magari mengi yaliamshwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi kinyume iliweza kuvunja mkono wa mtu. Stata iliwafungulia mlango wa gari watu wasio na misuli ya kuizungusha hendeli. Mzee aliyekatazwa na daktari kusukuma ni mmoja wao, na mjukuu asiyejua Kiswahili cha nyanyake ni mwingine.

Wala sisemi kwamba hapakupotea kitu. Stata ya zamani ilikuwa na sauti nzito ya kukokota, kama mzee anayekohoa alfajiri kabla ya kuadhini. Hii mpya ina sauti nyembamba ya kasi, kama cherehani. Siku ya kwanza shemeji aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, “Si sauti yake.” Halafu akaenda Nyali, akarudi, peke yake, bila kumwita mtu wa kusukuma. Dada yangu kwa miaka yote alijua jikoni kwamba mumewe anatoka kwa kusikia mkokoto ule. “Siku hizi,” aliniambia, “najua ametoka nikiona pahali ni patupu.” Sikuwa na la kumjibu, na pambizo haina nafasi ya kuandikia sauti.

Dalali hajarudi. Ile stata ya zamani imepakwa grisi, imefungwa kitambaa, imo sandukuni chini ya kitanda na kikaratasi chenye mwaka iliotolewa. Atakayekuja baadaye akitaka kuirudisha, spana na subira zitamtosha. Nami ningependa mhariri atakayeushika utenzi wa bibi yule baada yangu apate urahisi huohuo.